Daktari Hakula Kwangu

Siku tuliyomzika mke wangu Seline, marafiki watatu walikuja kutoka Kisumu kwa gari moja. Wawili walikula. Mmoja hakula.

Mtu mwingine asingeona. Kwenye matanga nani anaangalia sahani? Lakini mimi ni mpishi, na mpishi hata akifiwa macho yake yanaenda kwenye sahani za watu yenyewe. Niliona ugali wa Daktari Walter Oketch umebaki vile vile ulivyokatwa, samaki hajaguswa hata ngozi, na mwenyewe amekaa wima kama mtu anayesubiri kuitwa. Tangu siku hiyo nikawa na swali moja, na sikupata usingizi mzuri mpaka nilipolijibu. Na baada ya kulijibu usingizi haukurudi, lakini hayo ni mambo mengine.

Hao watatu niliwajua kuliko walivyonijua. Nilipika kwenye kilabu moja ufukoni, kilabu ya wakubwa, ambako nyasi ilinyweshewa maji asubuhi na jioni wakati sisi wa Kondele tunapanga foleni na mitungi. Kila Jumamosi mchana walikaa meza ile ile inayoangalia ziwa. Daktari Walter, mtu wetu, Mjaluo kama mimi, aliyesoma mpaka ng'ambo akarudi na miwani. Injinia Joram Wakhisi, mtu wa Bungoma, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua majengo mapya na nyaya zake za stima kabla watu hawajaingia. Na Sukhdev, kontrakta, Kalasinga aliyezaliwa hapa hapa Kisumu, anayeongea Dholuo mpaka mama wa soko akigeuka anashangaa kuona kilemba.

Walisoma shule moja, wakalala bweni moja, na mpaka wakawa watu wazima wenye matumbo hawakuacha tabia ya bweni. Waliagiza samaki mmoja. Mkubwa, lakini mmoja, kwenye sinia moja, na wote watatu wanamla kwa mikono. Nikiwauliza kama nilete sahani nyingine Sukhdev ananiambia, "Opiyo, unataka kutuachanisha?" Kichwa kilikuwa cha daktari siku zote, kwa sababu alikuwa amewazidi miezi kidogo kwa umri.

"Mjaluo ukimnyima kichwa cha samaki anakufa," Wakhisi anasema.

"Na nyinyi mkinyimwa kuku mnaandamana," daktari anamjibu.

Wanacheka. Mimi narudi jikoni. Nilikuwa nawaangalia kwa dirisha la kupitishia chakula na kusema moyoni, wanaume wenye bahati ni hawa. Si gari. Ni kuwa na watu wawili unaowajua tangu ukiwa na njaa.

Seline alikuwa na kibanda cha chai na mandazi Kondele, nyuma ya jengo jipya la Sukhdev, lile la ghorofa lenye maduka chini. Mimi ndiye niliyemwomba Sukhdev nafasi hiyo, na alinipa bila neno. Kibanda kilikuwa cha mabati, kimeegemea ukuta wa jengo. Asubuhi moja ya mvua kubwa, mwaka wa tisini, wateja walifika wakakuta amelala mlangoni, kufuli ikining'inia imefunguliwa, jiko halijawashwa.

Daktari Walter ndiye aliyemwangalia. Aliniita mwenyewe, akanifungia mlango, akaniwekea mkono begani.

"Moyo wake ulisimama, Opiyo."

"Seline alikuwa anabeba gunia la unga kutoka soko la Kibuye kwa kichwa, daktari. Moyo gani huo?"

"Moyo haupigi hodi," akasema. "Unasimama tu."

Nikakubali. Mtu kama mimi aliyeachia darasa la tatu, daktari akisema moyo, nitasema nini? Ini? Tukamchukua tukaenda kumzika nyumbani, upande wa Awasi. Dada yangu Adero ndiye aliyeongoza wanawake kumwosha. Alikuja akaniambia kiganja cha mkono wa kulia kina alama nyeusi, kama mtu aliyeshika sufuria kwenye moto.

"Alikuwa mpika mandazi," nikamwambia. "Mikono yake ilikuwa na alama tangu nimwoe."

"Hii ni mpya," Adero akasema, akaenda.

Halafu ikaja ile sahani.

Sasa niseme jambo ambalo watu wetu wanalijua bila kufundishwa. Kama kuna kifo kati yako na boma fulani, kama mkono wako umo, au ulimi wako umo, huli katika boma hilo. Hata maji hunywi. Mpaka useme kwa mdomo wako mbele ya wenye boma, na wazee wawape nyote dawa ile ya majani, manyasi, mnywe pamoja. Ukila kabla ya hapo, kuna kitu kinachoitwa chira, kinakufuata wewe, na wakati mwingine kinakuacha wewe kikifuata watoto. Wasomi wanacheka. Wanasema ni mambo ya wazee wasio na vyoo.

Wakhisi alikula siku hiyo, tena alikula sana, huku akizungumza kwa sauti kubwa na mchungaji. Sukhdev alikula vizuri kama kawaida yake, akamsifu Adero kwa mboga. Adero alipomwinamia daktari na kumwuliza, "Japuonj, mwalimu wetu, chakula chetu kina kasoro?" akajibu tumbo linamsumbua. Jumamosi iliyofuata alikuwa kilabuni anatafuna macho ya samaki.

Nikajiuliza. Tumbo gani linalokataa kwa Opiyo na kukubali kilabuni? Nikajiuliza tena: kama hali kwangu kwa sababu anajua kitu, anajua nini? Na kama anajua, mbona wale wawili wamekula? Au wao hawajui? Au wanajua, lakini mila hii si yao, kwa hiyo ugali ni ugali? Nilikuwa nageuza swali hilo kama mtu anayegeuza samaki kwenye mafuta, kila upande unaiva lakini katikati pabichi.

Nilienda kibandani. Kulikuwa kukavu siku hiyo, jua kali. Nikashika mlango wa mabati, nikashika kufuli, nikapapasa ukuta wote wa Sukhdev kama kipofu. Hakuna kitu. Mwenye duka la jirani akaniuliza kama nimepoteza pesa.

Ningeliacha hapo, kweli. Ila binti yangu Jentrix, aliyekuwa amebaki na mimi, alikuja akasema, "Baba, matanga yameisha. Kibanda cha mama kinaoza. Nataka nifungue Jumatatu." Mvua ndefu zilikuwa bado zinapiga kila asubuhi. Nikamwangalia mikono. Alikuwa anafua, na mikono yake ilikuwa inadondosha maji.

Kama ni moyo, afungue, kwa sababu moyo wa Seline ulikuwa wa Seline. Kama si moyo, je? Nikamwambia angoje nimwulize mtu.

Jumamosi nilitoka nyumbani na chungu cha Seline kwenye kikapu, kile cha udongo alichokuwa akinipikia samaki wa kukaushwa. Nikawapikia ngege ndani yake, ngege wa kweli, samaki wa asili wa ziwa letu. Siku hizo tayari mbuta, yule samaki mkubwa wa kuletwa, alikuwa amewamaliza, nilimtafuta kama dawa. Nikachukua chungu chenyewe mpaka mezani, bila sinia.

"Leo ni nini, Opiyo?" Sukhdev akauliza, anasugua mikono.

"Chungu cha marehemu mke wangu," nikasema. "Binti yangu anafungua kile kibanda Jumatatu, nimeona mle kwa baraka yake. Chakula hiki si cha kilabu. Ni cha nyumbani kwangu."

Wakhisi alikuwa ameshanawa. Akaacha mkono wake hewani kidogo, halafu akashusha, akamega. Sukhdev akamega. Kichwa kilikuwa kinamwangalia daktari, na daktari alikuwa anakiangalia kichwa. Mimi sikuondoka. Mpishi husimama pale mgeni akihitaji chumvi, kwa hiyo nikasimama.

"Walter," Wakhisi akasema. "Kula, bwana. Kinapoa."

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha meza, akaivaa.

"Asifungue," akasema.

"Nani?" Sukhdev akauliza, mdomo umejaa.

"Binti. Asifungue pale."

Nikauliza taratibu tu, "Kwa nini, daktari?"

"Daktari anamaanisha paa," Wakhisi akasema haraka. "Linavuja lile paa. Nililiona."

"Simaanishi paa, Joram."

Sukhdev akaweka kipande chake chini, akamwangalia Wakhisi, na Wakhisi akawa anaangalia ziwa kama aliyeagiza meli. Nikajua hapo hapo. Sikujua jina la kitu, lakini nilijua kiko mezani, na wote watatu wanakijua.

Sukhdev ndiye wa kwanza kusema. "Sikia, Opiyo. Kesho naondoa hicho kibanda. Namjengea Jentrix kingine, cha mawe, barabarani kabisa, mahali pa wateja. Bure. Sawa?"

"Mimi sijaomba kibanda, Bwana Sukhdev."

"Unataka nini basi? Sema. Sisi si watu wabaya."

"Nataka daktari aje ale kwangu."

Sukhdev akacheka, kicheko cha mtu aliyetolewa mwiba. "Hiyo tu? Kula? Walter, omera, ndugu yangu, nenda ukale kwa huyu mzee. Ugali kidogo, kipande cha samaki, mambo yaishe. Hata mimi nakuja." Akamgeukia Wakhisi ili wacheke pamoja, lakini Wakhisi hakucheka. Huko kwao Bungoma pia kuna vitu kama hivyo. Daktari aliinuka akaacha kiti chake kimegeuka.

Alinifuata jikoni. Sikumbuki kama kuna mkubwa mwingine aliyewahi kuingia jikoni kwangu. Alisimama kati ya masufuria, hajui aweke wapi mikono.

"Unanifanyia nini, Opiyo?"

"Nakuuliza, daktari. Nilikuuliza na mdomo ukaniambia moyo. Sasa nimekuuliza na samaki."

"Moyo wake ulisimama. Sikusema uongo."

"Na ulisimamishwa na nini?"

Akaangalia jiko. Mafuta yalikuwa yanapiga kelele kwenye kikaango, nikayaondoa motoni ili nisikie vizuri.

"Nilipokuwa kidato cha kwanza baba alikufa," akasema. "Sikuwa na kitu. Mama yake Sukhdev, Mama Surinder, alikuwa anatuletea chapati shuleni kila Jumapili, zimefungwa kwa kitambaa. Za mwanawe na zangu. Za mwanawe na zangu, miaka yote. Likizo nilikaa kwao. Nilikula kwao, Opiyo. Unaelewa? Nilikula kwao."

"Naelewa," nikasema. "Ndiyo maana huwezi kula kwangu."

Akaniangalia kama mtu aliyesomewa kitu alichoandika yeye mwenyewe. Nilimwambia njia ya Awasi anaijua, na kwamba siku akiwa tayari, aje, sitamuuliza alikuwa wapi. Akaenda. Sikuwa na hasira siku hiyo. Nilikuwa na mshangao. Mtu huyu alikuwa ameweka sahihi yake kwenye cheti cha kifo, mbele ya serikali. Lakini ugali wa mpishi umemshinda kuumeza. Nikawaza: anaogopa nini hasa? Polisi haogopi, polisi ni wagonjwa wake. Mungu? Alikuwa mbele kanisani kila Jumapili. Basi ni chira ya wazee wasio na vyoo?

Kibanda kiliondolewa kweli. Mafundi walikuja na ngazi, wakashughulika kwenye ukuta ule siku nzima, wakapaka rangi juu. Jentrix alipewa cha mawe barabarani, akakataa, akaenda kuuza nguo Kibuye. Nami niliambiwa kilabu inapunguza wafanyakazi, na mfanyakazi aliyepunguzwa alikuwa mimi. Ndivyo wanavyofanya wenye nchi hii. Wakikosea, anakufa mtu wa chini. Wakisahihisha, anahamishwa mtu wa chini. Nilienda polisi pia. Ofisa aliniuliza kama nina daktari mwingine anayesema tofauti. Nikamwambia yupo, ni yule yule. Akanionyesha mlango.

Nikarudi Awasi kulima. Ila mpishi aliyechukua nafasi yangu alikuwa mtu wetu, na nilipokutana naye nilikuwa namwuliza kitu kimoja: bado wanakuja? Wanakuja, akasema. Bado wanaagiza samaki mmoja? Akafikiri. Hapana, akasema, kila mtu na sahani yake. Na yule daktari siku hizi anakula kuku.

Nilifurahi, sitaficha. Halafu nikaona furaha hiyo haina kazi.

Miaka ikapita. Daktari alipanda vyeo, tukawa tunamsikia kwenye redio akiwaambia watu wachemshe maji. Mwaka wa tisini na sita Mama Surinder akafa, mzee sana, na nikasikia Walter alibeba jeneza pamoja na wanawe. Mvua za mwaka huo zilipoisha, Jumapili moja baada ya kanisa, gari likaingia bomani kwangu. Alitoka peke yake. Nywele zilikuwa zimeota mvi, na miwani imekuwa minene.

"Nimekuja," akasema.

Sikumuuliza alikuwa wapi. Nilimtuma Jentrix, aliyekuwa amekuja kunitembelea, amwite Adero na wazee wawili wa ukoo, na kwa sababu mtu anaweza kuwa na uchungu na bado akawa mpishi, nikawasha moto. Nilikuwa na samaki. Nikampika mzima na kichwa chake. Adero akaleta manyasi kwenye kibuyu akakiweka katikati ya chumba, na chakula pembeni, kimefunikwa.

Daktari akazungumza. Alizungumza kwa Dholuo, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alisema waya wa stima ulikuwa umepitishwa katika ule ukuta bila bomba. Wakhisi aliuona siku ya kukagua. Sukhdev akamwambia, nipitishie, maduka yanafunguliwa wiki hii, nitaurekebisha baadaye, wewe ni ndugu yangu. Wakhisi akapitisha. Mvua ikaingia ukutani, stima ikaingia kwenye mabati, na Seline akashika mlango na mkono wenye maji. Alisema alama ya kiganjani aliiona yeye wa kwanza. Alisema Sukhdev alikuja kwake siku hiyo akilia, akilia kabisa, na Wakhisi nyuma yake, na hakuna aliyemwomba kitu. Walikaa tu. Yeye ndiye aliyesema, "Moyo."

Adero alikuwa amefunika mdomo na leso. Jentrix alisimama mlangoni. Nilitaka kujua hayo kwa miaka, na yalipofika yalikuwa mafupi, yanaenea kwenye kikombe.

Mzee mmoja akakohoa, akasema amesema vizuri, mwana wa watu, na akanyoosha mkono kuchukua kibuyu.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Daktari, haya uliyosema hapa utayasema Kisumu?"

"Opiyo."

"Jengo liko. Jina la Sukhdev liko juu yake. Wakhisi bado anakagua, nasikia sasa ana vijana chini yake. Utayasema?"

"Mama amekufa," akasema. "Nilifikiri akishakufa nitaweza." Akaangalia mikono yake. "Nimekuja kuyasema kwako. Kwako, nyumbani kwako. Mila haidai zaidi ya hapo."

Na ni kweli, mila haidai zaidi ya hapo. Wazee waliniangalia, mmoja akatikisa kichwa kunihimiza, kwamba kubali, mtu amekuja mwenyewe, mkubwa mzima amekaa kwenye kigoda. Nikaona jinsi itakavyokuwa. Atakunywa, nitakunywa. Atakula. Atatoka hapa mwepesi, na Jumamosi watakuwa mezani tena, watatu, sinia moja, na kichwa cha samaki kitamrudia. Mimi ndiye nitakayekuwa nimemwosha. Mpaka kuosha wametuachia sisi.

Nikainuka nikachukua chakula pale pembeni.

"Ulikula kwao," nikamwambia. "Basi endelea kula kwao."

Aliinuka, akamuaga Adero kwa mikono miwili, akatoka. Jentrix alimpisha mlangoni bila kumwangalia. Tulisikia gari likigeuka, halafu likashika barabara ya Kisumu. Wazee wakaanza kunung'unika kwamba nimefunga mlango ambao ungeweza kufungwa vizuri zaidi.

Nilikaa nikafunua samaki. Alikuwa ameshapoa. Nikamgawia Jentrix na Adero mkia na katikati, na kichwa nikala mimi.